Unyayo wa Mama Somoe

Somoe alikuja saluni kwangu asubuhi ya Jumanne, mwezi uliopita, nikiwa bado nafagia. Sikumtambua. Lakini aliposema, "Shikamoo, mamdogo," nilisimama na ufagio mkononi, maana ile ilikuwa sauti ya mama yake, yenye mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka minane, amebebwa mgongoni na mama yake mkubwa kule Kitangari, ingawa alishakuwa mkubwa wa kubebwa. Leo ni mwalimu Newala, ana watoto watatu na mvi kadhaa mbele ya kichwa. Nilimwitikia, nikamkalisha, tukaulizana habari za nyumbani na za safari mpaka zikaisha. Kisha akasema, "Nimekuja kuuliza habari za mama. Mama mkubwa tulimzika mwaka jana. Waliomjua mama wote wameondoka, umebaki wewe. Nataka kujua aliumwaje." Nilimwambia angoje kwanza nichemshe chai. Sikuwa na hamu ya chai. Nilikuwa nimelisubiri swali hilo zaidi ya miaka thelathini, na lilipofika nilitaka bado lichelewe kidogo. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya yeye kuondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mambo ya kwetu Lisekese nitayaacha, hayahusiki sana; inatosha kusema kwamba nilikuja Mkomaindo, mjini Masasi, kujifunza ususi, na Mama Somoe akanipokea. Alikuwa amepanga vyumba viwili vya uani. Kimoja tulilala sisi watatu, yeye, Somoe na mimi. Kingine kilikuwa cha kazi. Kile cha kazi nakiona hata sasa nikifumba macho: kuta za tofali za udongo zilizopakwa chokaa, benchi refu la wateja, mkeka wa kukalia mtu anayesukwa, kioo kilichopasuka kona ya chini, na harufu ya kalikiti, ile dawa ya nywele, iliyochanganyika na mafuta ya nazi, harufu isiyotoka kwenye nguo hata ukifua mara tatu. Hospitali haikuwa mbali, kwa hiyo wateja wetu wengi walikuwa wanawake waliokuja mjini kuuguza. Walisubiri saa ya kuona wagonjwa huku wamekaa mkekani, na katika kusubiri walisema kila kitu. Nilijifunza mengi kuhusu maisha ya watu nikiwa nimesimama nyuma ya visogo vyao.

Mama Somoe alikuwa na miaka thelathini na mbili au tatu, mwembamba, mwenye vidole virefu vilivyokauka kwa dawa. Alikuwa Mwislamu wa swala tano, mimi Mkristo wa Jumapili, na jambo hilo halikuwahi kutugombanisha hata siku moja. Mwezi wa Ramadhani nilifuturu naye kana kwamba nami nilikuwa nimefunga. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba alikisoma kichwa cha mtu kabla hajakigusa kwa kitana. Alichambua nywele taratibu, akatazama ngozi, na akiona jambo alinigusa kifundo cha mkono ili nami nitazame. Hivyo ndivyo nilivyojifunza kutofautisha mba wa kawaida, unaodondoka kama unga, na mapunye ya watoto, yale mabaka ya mviringo ambayo nywele zake zimekatika karibu na ngozi. Alinionyesha vipaji vya nyuso vilivyorudi nyuma kwa kusukwa kwa kubana, na akakataa kabisa kuvibana tena, hata mteja akinuna. Nilimsikia akimwambia mama mmoja wa Kimakua, kwa upole, "Mama Juma, mafuta ya taa hayaondoi haya. Yatamchoma tu mtoto. Mpeleke pale akaandikiwe vidonge, maana ugonjwa uko kwenye mashina ya nywele, dawa ya kupaka haiufikii." Yule mama alikwenda. Walimsikiliza. Sijui aliwapeleka wangapi hospitali kwa namna hiyo, mwanamke ambaye hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la saba.

Doa la mguuni mwake nililiona Ijumaa moja mchana, uani, akitia udhu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameinua mguu wa kushoto kuusugua, na mimi nilikuwa namimina maji kutoka kwenye kopo. Karibu na kisigino, upande wa ndani, palikuwa na kitu cheusi, kama mbegu ya papai iliyobandikwa. Nikadhani ni uchafu, nikainama niuondoe. Akacheka. "Acha, hautoki huo. Mafuta ya korosho, yaliniruka msimu uliopita tukichoma." Nilikubali, kwa nini nisikubali? Huku kwetu nani hana alama ya korosho? Maganda yakipata moto hutema mafuta, na yakikurukia ngozi inababuka na kuwa nyeusi tii. Lakini nami nilikuwa nimebangua korosho tangu utotoni, na nilijua kwamba weusi ule hukaa wiki mbili, tatu, halafu ngozi ile hubambuka na kutoka nyingine mpya. Msimu uliopita ulikuwa umeisha miezi mingi. Nililiwaza hilo pale pale, kopo likiwa mkononi, kisha akasema maji yanamwagika bure, nikaendelea kumimina.

Msimu wa korosho ulipofika tulifunga chumba cha kazi, tukapanda kwao Kitangari kusaidia kuokota. Tulifikia kwa dada yake mkubwa, Mama Zuberi, mwenye nyumba ya miti na udongo na uwanja uliofagiliwa mpaka ukang'aa. Zile zilikuwa wiki nzuri, na ninaona vibaya kuzikumbuka kwa furaha. Asubuhi tulikula ming'oko, mizizi ya porini, iliyochemshwa kwa chumvi na ndimu, mchana ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa karanga, na mikorosho ilikuwa imejaa mabibo mekundu na ya manjano, uwanja mzima ukinukia utamu uliokaribia kuchacha. Shida ilikuwa maji. Juu ya uwanda wakati ule wa ukame visima vilikauka, na tulishuka bondeni kwa njia ya miguu, mteremko mkali wa mawe, kisha tukapanda tena na ndoo kichwani. Mama Somoe alivua ndala ili asiteleze, akatangulia. Nami nilikuwa nyuma yake, chini yake kidogo kwa sababu ya mlima, macho yangu yakiwa sawa na miguu yake. Kila alipoinua mguu wa kushoto, unyayo ulinigeukia. Doa halikuwa mbegu ya papai tena. Lilikuwa limetanuka kufikia upana wa kidole gumba, sehemu moja nyeusi, nyingine ya rangi ya kahawia, nyingine karibu na bluu, na pembeni limechanika-chanika kama karatasi iliyoliwa na mende. Unyayo ulipanda, ukashuka, ukapanda. Tulikwenda vile karibu kila siku, majuma matatu. Sidhani kuna kitu nimekiona mara nyingi zaidi katika maisha yangu.

Siku moja, nikipepeta uwanjani, niliwasikia ndani. Mama Zuberi alikuwa akizungumza na jirani kwa sauti ya chini, ile sauti ya watu wanaotaka kusikika kidogo. "Mguu ule si wa korosho," alisema. "Amekanyagishwa. Kuna mtu ameweka kitu njiani, akakikanyaga." Jirani akauliza ni nani angefanya hivyo. "Mjini kuna wasusi wangapi? Na wateja wote wanakwenda kwake." Jirani akasema kwamba labda ni ukoma, kwamba babu fulani alianza na baka. Mama Zuberi akamkatisha kwa ukali: neno hilo lisitamkwe katika nyumba yake. Mama Somoe alikuwa upande wa pili wa ukuta, akimsuka Somoe mabutu. Najua alisikia, kwa sababu vidole vyake vilisimama, na mtoto akageuza shingo kuuliza kuna nini. "Hakuna kitu. Kaa vizuri."

Turudi mjini, na niseme juu ya kichwa changu, maana ndicho kilichonifikisha kwa daktari. Nilikuwa msusi anayetumia kitana kimoja kwa watoto kumi bila kukichemsha, ingawa nilikatazwa. Muwasho ulianza kisogoni. Nikaenda duka la dawa sokoni, muuzaji akanipa dawa ya kupaka bila kunitazama kichwa, na kwa siku nne nilipata nafuu, kisha baka likatambaa kama moto kwenye majani makavu. Baada ya mwezi lilikuwa limevimba na kuwa laini, linatoa usaha, na nywele zilitoka zikiwa na mizizi nikizivuta kidogo tu. Nilijifunga kitambaa nikamficha kila mtu. Mama Somoe alikifungua kitambaa mwenyewe asubuhi moja tukinywa uji, akatazama, hakunigombeza. Alisema tu kwamba amesikia daktari wa ngozi amekuja kutoka mbali, atakaa siku mbili, na kwamba tunakwenda sasa hivi, kabla nywele hazijafa kabisa pale na kubaki kovu.

Kulikuwa na watu wengi benchini: mtoto mwenye upele katikati ya vidole, kijana aliyejaa choa mgongoni, mama mmoja ambaye uso wake ulikuwa umebabuka kwa mkorogo, akijifunika kanga. Tulikaa tukisogea polepole. Mama Somoe alikuwa ameweka mguu wa kushoto juu ya wa kulia, unyayo ukitazama ukuta. Wakati huo alikwishaanza kuukanyagia pembeni. Nikamwambia, "Mama Somoe, na wewe ingia. Tumeshafika."

"Mimi nimekuleta wewe."

"Dakika moja tu, auone."

Akanitazama. Sikuwahi kuona hofu usoni mwake kabla ya hapo, na kwa sababu sikuwahi kuiona, nilidhani ni hasira. "Edita, hawa wote benchini wananijua. Nikitoka mle ndani na karatasi, jioni Masasi nzima itasema nina ukoma. Nani ataniletea kichwa chake nikishike? Nitamlisha nini Somoe?" Akanishika kifundo cha mkono, vilevile kama alivyokuwa akinishika tukiwa kazini. "Usinitangaze. Niahidi."

Nikamwahidi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Aliniketisha karibu na dirisha, akachambua nywele zangu hivyo hivyo kama Mama Somoe alivyofanya, kwa subira ileile, mpaka nikatamani kulia. Akasema ni mapunye yaliyokolea, kwamba dawa niliyopaka iliyafunika juu huku yakinawiri chini, akaniandikia vidonge vya wiki nyingi na kunionya nisiache hata nikiona nimepona. Vitana vichemshwe. Watoto wa nyumbani watazamwe vichwa. Kisha, akiwa bado anaandika, akauliza: "Nyumbani kuna mtu mwingine mwenye tatizo la ngozi? Si muwasho tu. Kidonda ambacho mwezi umepita hakijapona, baka lenye ganzi, alama nyeusi inayokua au kubadilika rangi? Hata kwenye kiganja au chini ya mguu. Watu hawatazami huko."

Chini ya mguu. Alisema hivyo hasa, sikuongeza mimi. Mlango ulikuwa wazi kidogo, na kupitia upenyo niliona pindo la kanga ya Mama Somoe benchini, hatua kumi na tano kutoka nilipokaa. Daktari aliacha kuandika. Aliinua uso akanisubiri. Nafikiri aliona kitu, kwa sababu hakurudia swali wala hakuharakisha. Alisubiri tu, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Nimekaa katika ukimya ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimejibu vingine kila mara. Lakini siku ile nilisema, "Hakuna, daktari," na yeye akasema sawa, akanipa karatasi, akaniombea nipone.

Nje, Mama Somoe alinyanyuka akitegemea ukuta. "Umemwambia?"

"Sijamwambia."

"Ahsante, mwanangu," akasema. Tukarudi nyumbani.

Nilipona. Nywele ziliota upya, laini kama za mtoto, na mvua za kwanza za masika ziliponyesha nilikuwa na kichwa kizima. Ni katika mvua hizo hizo doa lilipopasuka. Lilianza kutoa majimaji, kisha damu kwenye ndala, kisha nyama nyekundu ikachomoza ambayo haikuuma, na hilo ndilo alilojipa moyo nalo, kwamba haiumi. Alikwenda Kitangari kwa mganga aliyemchanja kuzunguka kidonda ili atoe alichokanyaga. Alirudi amekonda. Alisuka akiwa amekaa, kisha akawa anasuka nusu kichwa na mimi namalizia. Nilipokuwa jikoni nilimsikia akitembea chumbani, mguu mmoja mzito, mwingine unaburuzwa, na mpaka leo nikisikia mtu anachechemea nyuma yangu sokoni huwa sigeuki mpaka apite. Siku aliponiita nimguse kwenye kinena, nikakuta uvimbe mgumu kama kokwa la embe, hakusubiri kushauriwa. Alikwenda mwenyewe hospitali, na pale hawakupoteza muda, wakampeleka hospitali kubwa zaidi. Tulikaa huko wiki mbili. Walimwambia ni saratani ya ngozi, kwamba ilianzia kwenye lile doa na imeshapanda. Aliuliza kama mguu ungekatwa mapema ingesaidia. Daktari akasema pengine kuondoa doa peke yake kungetosha, lingali dogo, ila hawezi kusema kwa hakika. Mama Somoe akaitikia kwa kichwa, akaomba arudishwe kwao.

Alifia Kitangari, nyumbani kwa dada yake, asubuhi yenye ukungu. Wanawake walimwosha ndani, nami kwa kuwa si Mwislamu nilikaa nje ya ukuta nikichota maji na kuyapitisha mlangoni. Nilisikia maji yakimwagika, na Mama Zuberi akisema, "Mguu huu uosheni taratibu." Hakuna aliyeniuliza kitu. Walilia, wakasema aliyemkanyagisha atamwona Mungu. Mimi nilikaa na ndoo yangu.

Karibu haya yote nilimwambia Somoe, na la daktari nililisema mwisho, bila kulipamba. Nilimwambia, "Aliniuliza. Nikasema hakuna." Sikujitetea kwamba nilikuwa mdogo, wala kwamba niliahidi, ingawa la ahadi alilijua kwa kuwa nilikwishalisimulia. Sikumwambia pia kwamba tangu nifungue saluni hii sijaacha kumwambia mteja nilichokiona, hata akinichukia: kidonda nyuma ya sikio, mstari mweusi uliozama kwenye ukucha, baka ambalo nikiligusa kwa ncha ya kitana mwenyewe hasikii. Nimekosa wateja kwa hilo. Kuna mmoja alirudi kunishukuru. Lakini sikuona kwamba habari hizo ni malipo ya kumpa mtoto wa Mama Somoe.

Somoe aliweka kikombe chini, akatoka, akasimama uani kwangu karibu na kamba ya taulo, mgongo wake ukinielekea. Nilidhani anaondoka. Mteja wa kwanza alifika, nikamwomba arudi mchana. Somoe alikaa kule nje muda mrefu, na nilipomtazama kupitia dirishani sikuweza kujua kama analia. Aliporudi macho yake yalikuwa makavu.

"Asingekubali kwenda," alisema. "Hata ungesema. Mama mkubwa alinisimulia alivyokuwa mkaidi."

"Pengine. Lakini daktari alikuwa pale pale. Angetoka nje akamwomba."

"Pengine," alisema Somoe.

Sikuomba msamaha, kwa sababu ningemlazimisha anipe. Akakaa tena, si kwenye kiti cha wageni bali kile cha wateja, mbele ya kioo. Akainama akafungua viatu vyake vya kazini, akavua soksi, akaziviringisha ndani ya viatu kwa utaratibu wa mwalimu. Kisha akaniinulia mguu wa kushoto.

"Mimi siwezi kujiona chini," alisema. "Niangalie vizuri, mamdogo. Ukiona kitu, sema."

Nikavuta kigoda, nikavaa miwani, nikauweka mguu wake kwenye mapaja yangu, karibu na mwanga wa mlango. Nilianza na kisigino.